Kastabini

Usishangae kunusa, baruti chandani mwangu,
sijaacha hata sasa, kushona kofia zangu;
ulizuka tu mkasa, mimi naye mume wangu,
si mwanamke, si pesa: ni unga tu, walimwengu.

Nguruwe wetu Muyuni, wala muhogo usiku,
huchimbua hadi chini, wapekua kama kuku;
Sheha katupa idhini, jina lake kwenye buku,
Pandu atoe darini, gobori lenye shauku.

Miaka yote kipimo, ni hii kastabini:
hujaza hadi kikomo, apanguse kwa makini
kwa unyoya, bila domo, amimine mtutuni;
nami kazi yangu imo, yangoja, i kikapuni.

Mfunguo Pili kenda, kaja na kopo la shaba,
parafujo inapanda, na kushuka kwa haiba,
namba zake za kiwanda, toka moja hadi saba;
“Hiki,” kasema, “hupenda haki, hakina mahaba.”

Akalifuta kwa kanga, yangu ya siku ya Idi,
barazani akalinga: “Sasa punje haizidi!”
Vuai alipopinga, akamwita ni hasidi;
nami ndani nikafunga, mdomo kwa makusudi.

Kanirushia pajani, kastabini kwa nguvu;
usiku huo kondeni, lile gobori kwa wivu
likampiga begani, teke la punda mvivu,
na kesho yake, jamani, likakohoa tu jivu.

Nguruwe aligeuka, akamtazama hivi,
akenda bila haraka, mwenye mji, siye mwivi.
Akalaumu masika, macho, umri, na mvi;
kopo hakulitamka, kwake kopo si mgomvi.

Nikatoa sandukuni, mizani yake Bi Mboja,
ya dhahabu, ya zamani, hata pumzi hungoja,
na mpunga kiganjani, punje moja, punje moja;
nikamwambia, “Mwandani, mimina, tuone hoja.”

Ya kwanza ikakubali, mizani haikuyumba;
ya pili, kwa punje mbili, ilizidi, ikavimba;
ya tatu haina hali, nyepesi mithili pamba;
Pandu akawa kauli hana, atazama chumba.

Nikatazama mkono, nikaiacha mizani:
kila akisema neno, latikiswa mikononi,
akikaza lake jino, huligonga ubavuni,
unga ukashuka mno, ukajibana koponi.

Akaruka, “Na kidude chako nacho tukipime!”
Nikapima, nisipende kitu changu, nisiseme.
“Chapunja! Hiki kipande cha bati!” kacheka mume.
Kweli chapunja; nitende nini? Mizani iseme.

Ila chapunja tatu tu, leo, jana, siku zile,
wakipita kumi watu, zapungua zile zile.
Kosa lake, kama mtu, lina nyumba, liko pale;
la kopo ni kama chatu, leo huku, kesho kule.

Hata shairi la vina, hutegemea mizani,
silabi ikijibana, pasipo nafasi ndani;
mstari huu, tazama sana, umezidi, hesabuni,
na sasa umeliona, teke lake sikioni.

Basi twaishi salama: kopo lake, chanda changu;
redio tunaizima, kuku bandani kwa rungu;
nagonga, kisha nakoma: moja, kwa jina la Mungu,
Pandu ukutani nyuma, hata pumzi kwa mafungu.

Juzi usiku, mlio: mmoja; nikatulia,
sindano na masikio, vyote vikimngojea.
Akaja bila kilio, bega zima, ameloa,
akasema, “Kimbilio hana tena,” kaingia.

Asubuhi kaja Mcha, kofia aijaribu;
ikashuka, ikaacha pua tu, nayo kwa tabu:
vishimo, usiku kucha, nilipoteza hesabu.
Pandu meno hakuficha; kaleta mpunga, bubu.