Kumi Nukta Mbili

Siku ya kwanza walipomtoboa kidole
Siwatu hakulia. Alilitazama tone
likinywewa na kijisahani cha plastiki,
akauliza, "Ndiyo hiyo tu?"

Kumi nukta mbili.
Mtu wa maabara akaandika kwa wino wa bluu:
upungufu wa damu, kidogo.
Hilo "kidogo" nimetembea nalo tangu Januari,
mfuko wa mbele wa ovaroli,
pamoja na tepu na chaki.

Mimi ni fundi wa mageti. Hapa Vingunguti,
kutoka machinjioni mpaka relini,
ukiona ua la nondo limepinda kama shingo ya bata
jua mkono wangu umepita.
Kijiweni wakapata la kusema:
"Fundi ana chuma cha kuuzia mtaa,
mwanawe hana cha kutia kwenye damu!"
Nikacheka nao. Ningefanyaje?
Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta,
na wangu, katikati ya rede,
mpira uko hewani, wenzake wanapiga kelele,
anakaa chini kwanza.

Tukaanza chupa.
Kijiko kimoja alfajiri, tumbo tupu,
na nusu chungwa la kufuta ladha ya ufunguo.
Choo kikawa cheusi kama masizi;
Mwantumu aliniita uani, mkono mdomoni.
Meno yakaota kutu.
Nikapanga foleni ya maini kabla ya adhana,
nikarudi na damu ya ng'ombe kwenye viatu.
Dagaa, kisamvu, matembele, juisi ya rozela,
dawa ya minyoo, mara mbili.
Chai tukaihamisha mbali na chakula,
mama mkwe akanuna siku tatu.

Machi: kumi nukta mbili.
Juni: kumi nukta tatu. Siku hiyo tulipika pilau.
Septemba: kumi nukta mbili.

Nyumba ikaanza kunong'ona.
Usiku mmoja nilimulika chupa kwa tochi ya simu
nikachora mstari wa chaki palipoishia dawa,
nijue kama kweli anapewa.
Asubuhi niliukuta mstari wangu.
Kando yake, upande wa pili wa chupa,
palikuwa na mwingine, wa wanja.
Hatukuusema. Mpaka leo hatujausema.

Daktari Ishengoma hakuandika chupa ya nne.
Alisoma karatasi, akavua miwani, akaisoma tena.
"Ghala lake la chuma limejaa," alisema.
"Seli zake ni ndogo, basi. Zimezaliwa ndogo.
Hebu baba, kunja mkono wa shati."

Mimi?
Mimi ninayebeba silinda ya gesi begani?

Wiki mbili. Ya Mwantumu safi.
Yangu ndogo, ndogo vilevile,
kama tumetoka kalibu moja, mimi na binti.
"Si ugonjwa wa kukulaza, mzee. Ni urithi.
Siku akiolewa, mume naye apimwe.
Dawa acheni."

Nikakaa kwenye benchi la nje, jua la saa sita,
nikamkumbuka baba kule Kisarawe
akiniita goigoi mbele ya wageni
kwa kuwa nilitua jembe kabla ya wenzangu.
Yeye alikuwa akipumzika kwanza kila alipofika mlangoni,
mkono kwenye mwimo,
nasi tukidhani anasikiliza kitu.

Jioni Siwatu alikuja karakana.
Kazi yake kwangu ni kuzoa vumbi la msasa
kwa sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu.
Alizoa, akaikung'uta, akatulia,
kisha akapandisha gauni, akaibandika tumboni.
Akaachia. Ikaanguka.
Akaibandika tena, ikaanguka.
"Baba, haishiki."

Nikainua kinyago cha kuchomelea.
Nikaitwaa, nikaiweka kifuani pangu,
juu ya ovaroli, juu ya mfuko wa tepu na chaki.
Ikanasa kwenye zipu.

"Wewe unayo!" akapiga kelele.
"Hiyo zipu," nikamwambia.
Akaivuta, akaiachia, ikanasa;
akaivuta tena,
hanisikilizi.