Upande wa Kushoto

Walining'oa magego mawili pale Wete,
yote mazima; jino halikuwa na kosa.
Mwalimu Hamadi kanisomea, kanitemea mate kwa upole,
hata yale mate yaliniunguza.

Alfajiri natia udhu kwa kuvizia:
viganja, kinywa, pua...
usoni nasita kama mwizi mlangoni.
Maji yakigusa shavu, umeme.

Daktari wa Mkoani hakunishika taya.
Aliuliza tu: "Na upepo pia?"
Nikalia.
Upepo pia.
"Ni mshipa wa fahamu," akasema, akaandika vidonge.

Sasa nalala. Nikitembea, sakafu kama godoro,
na mchuzi nausahau chumvi.

Mjukuu wangu Hidaya hunibusu upande wa kulia.
Wa kushoto huupungia mkono.