Bomba la Mkunga

Alilileta akiwa nyuma ya bodaboda, limefungwa kwa leso
kama mtoto aliyeshikwa na homa usiku:
bomba la moshi la Lambreta ya mwaka sitini na mbili,
limeliwa na kutu hadi limekuwa chujio.
"Nitengenezee lingine," akasema mkunga Naigaga,
"ila mkia wake uwe mkia wake."

Mimi fundi wa Walukuba, nimechomelea mageti,
vitanda vya bweni, kiti cha kinyozi.
Mabomba nayajua kama mtu anavyojua shemeji zake.
Lipo la Vespa, fupi, limejificha chini ya tumbo,
linachungulia upande mmoja kama mgeni mwenye haya.
Lipo lililobanwa mwishoni, mdomo wa bata,
hilo husemea puani.
Lipo lililopanuliwa, mkia wa ngege,
la vijana; hupayuka hata likiwa limesimama.
Lipo lililokatwa mshazari kama mrija wa malwa,
la makarani wa reli,
moshi wake hutoka umechana nywele.

"Lako lilikuwa lipi, mama?"
Hakuwa na picha. Hakuwa na kipimo.
Akakunja kiganja, akakifumba nusu,
akafunga macho, akaliigiza kwa mdomo:
po-to-po-kha. Po-to-po-kha.
Balikowa, mwanafunzi wangu, alicheka hadi akaangusha miwani.
Mkunga hakucheka.
"Hiyo *kha*," akasema, "ndiyo waliyoisikia.
Kutoka Mafubira hadi Buwenge, katikati ya miwa,
mwenye uchungu aliisikia kabla hajaona taa,
akajua: vumilia, nakuja."

Nikatengeneza la bata. Akatikisa kichwa.
La ngege. Akaziba masikio.
La mshazari alilisikiliza kwa muda mrefu,
akasema, "Huyu ni mtu mwingine, anakwenda ofisini."
Siku nne. Gesi inakaribia kwisha,
na bei tuliyopatana ilikufa Jumanne.

Siku ya tano nikalirudia lile chujio,
nikapitisha kidole ndani, taratibu,
na hapo, inchi mbili kabla ya mkia, upande wa chini,
kidole kikapanda kilima.
Bonyeo. Kiwanda hakikuliweka hilo.
"Na hili, mama?"
Akaligusa. Akanyamaza.
"Aa. Lile jiwe."

Mvua, mwaka ule wa vizuizi barabarani,
taa amezizima ili asionekane,
anawahi mapacha ng'ambo ya kinamasi.
Jiwe likapiga. Skuta ikakohoa, ikaendelea.
"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ilizaliwa nayo."

Basi nikachukua bomba la nne, jipya, limenyooka,
zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya,
nikalilaza juu ya kipande cha reli,
nikalipiga nyundo moja.
Balikowa akatazama pembeni.

Tukalifunga. Akapiga kiki kwa kiatu chake cha kanisani.
Po-to-po-kha.

Ng'ambo ya barabara mwanamke wa makamo,
beseni la mihogo kichwani,
akasimama, akageuka nusu,
akatafuta kwa macho kitu ambacho
hakujua amekijulia wapi.