Kisanduku cha Mengineyo

Nilikiunda Ulan Bator, ghorofa ya nne,
juu ya duka la viatu,
kikasha kizito kama tofali la kuchoma:
bati nene, raba kwenye kingo, parafujo kumi na mbili.
Nikakidondosha ngazini mara ishirini na saba.
Nikakimwagia chai ya maziwa na chumvi.
Battulga akakipitishia gurudumu la lori,
akashuka, akainama: taa ya kijani bado inawaka.
Tukacheka, tukaambiana, hiki hakifi.

Baridi ya Zavkhan haikucheka.
Januari, digrii arobaini chini ya sifuri,
betri ikakata roho kabla hata maji ya chai hayajachemka.
Nesi Oyunchimeg akanipigia akiwa juu ya kilima,
maana mtandao wa huko ni kama mbuzi,
hupenda miinuko.
Hakulalamika. Alisema tu:
"Nimekitia kifuani, ndani ya koti,
pamoja na chanjo za kesho.
Kikipata joto kitasema."

Siku mbili njiani, na njia yenyewe ni jina tu.
Nikafika na bisibisi na aibu yangu.

Akanionyesha anavyofanya kazi.
Akiwa na glavu, kioo hakimsikii.
Akivua glavu, vidole vinakufa ganzi kwa hesabu ya thelathini.
Basi huinamisha uso
na kubonyeza kwa ncha ya pua.
Bibi Tserendulam, presha mia na sabini kwa mia:
imeandikwa kwa pua.
Mtoto wa akina Ganzorig, kilo sita na nusu:
kwa pua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nilichonga kitanda, nikakisifu,
kisha nikaenda kulala kwangu.

Siku tatu nilifungua, nikalehemu, nikafunga.
Vitufe vikubwa kama vifungo vya koti.
Betri ikahamia kwenye mfuko wa sufu ya ngamia
alioushona mama yake nesi bila kuulizwa,
na akaniuliza kama huyu mtoto wa bati
anataka na kofia.

Usiku wa tatu, jiko la samadi likipumua,
nikafungua daftari la zamani
nihamishe majina.
Lote penseli, kwa kuwa wino huganda.
Safu zimenyooka: jina, umri, uzito, dawa.
Lakini pembeni, kwenye ukingo wa karatasi,
herufi ndogo kama sisimizi zinapanda:

*Huyu usimpime mbele ya mkwewe.*
*Anasema amemeza. Hesabu vidonge.*
*Mimba ya tatu. Mbili za kwanza usizitaje.*
*Wamehamia bonde la nyuma, nyasi zilikwisha.*

Programu yangu ilikuwa na visanduku sitini na vinne.
Nilivipitia kimoja kimoja, kama mtu apapasaye mifuko
akitafuta ufunguo anaojua hakuuchukua.

Hakuna.

Alfajiri nikapanda kilima cha simu.
Battulga akasema: maneno hayajumlishiki,
wizara itauliza haya ni nini.
Nikasema, na waulize.
Akanyamaza; nikasikia lori likipita mtaani kwetu,
mbali kule, penye lami.
Kisha: "Kisanduku hicho kina nafasi ya herufi ngapi?"
Nikamwambia aache wazi.

Nilipokuwa nafunga mzigo, mgonjwa wa kwanza alikwishakuja na kuondoka.
Oyunchimeg, na glavu zake mkononi,
aliandika kwa kidole gumba, polepole,
kama mtu anayemlisha mtoto wa wenyewe:

Sodnom. Miaka themanini na mmoja.
Kifua. Vidonge, siku saba.
Mengineyo: mbwa wake anauma.
Piga honi ukiwa mbali,
umsubiri mzee atoke.

Kikasha kikalia mara moja, kifupi.
Akakirudisha ndani ya koti.