Volti Tisa

Wamboza amevipanga vitatu juu ya kioo cha kaunta
kama muuza samaki apangavyo ngege, wakubwa mbele.
Nimekuja na gitaa la besi mgongoni
na laki sita ndani ya soksi.
"Jaribu kwanza," ananiambia, "pesa ina haraka gani?"
Nje, Naboa Road imelowa,
Wanale umejifunika mawingu hadi kiunoni.

Namweleza ninachotaka, wala si kikubwa:
kitu kitakachoingia mfuko wa mbele wa begi,
maana bodaboda ya Wepukhulu haijui mzigo wa sanaa;
tukipanda Budadiri shingo ya gitaa huchana majani ya migomba,
na mikononi nina waya, nina viatu vya jukwaani,
nina mkungu wa shemeji.
Kisinisaliti umeme ukikatika.
Kiwe na kompresa ya kutuliza hiki kidole cha shahada,
ambacho tangu kibanwe na mlango wa lori
hupiga noti moja kwa hasira, ya pili hukisahau.
Kiwe na oktava, nishuke chini kabisa
hata wapigaji wa kadodi wanisikie kwa nyayo.
Na niweze kukaza nyuzi kimyakimya
mchungaji akiwa bado anaomba.

Cha kwanza kinameta.
Kina sauti mia na hamsini; Wamboza anazitaja
kama mjomba anayehesabu ng'ombe wa mahari.
Nabonyeza: besi yangu inakuwa nyuki,
inakuwa lango la bohari,
inakuwa mtu anayeniita kutoka kisimani.
Tunacheka sote wawili. Nakizima.

Cha pili ni chuma kitupu, kizito kama jiwe la kusagia,
vifundo vinne, hakina siri.
Hicho nakipenda.
Lakini kinakula umeme wa ukutani tu,
na kuta za Sironko, siku za harusi,
hazina cha kumpa mgeni.

Cha tatu kimechakaa.
Rangi imebanduka pale ncha ya kiatu ilipokanyaga miaka.
"Cha afande mmoja wa bendi ya polisi," asema Wamboza,
akikipangusa kwa kiwiko. "Amestaafu, karudi kwao Arua,
kaniachia nimuuzie."
Kinakwenda kwa adapta ya volti tisa,
au betri nne ndogo, zile zile za redio ya mama.
Kioo chake ni chembamba, mwanga wa kijani.
Na afande hakufuta kitu.
Sauti zake amezipa majina,
herufi nane kila moja, nafasi haikuruhusu zaidi:

GWARIDE
HARUSI
MVUABATI
MSIBA
MSIBA 2

Napiga GWARIDE, mgongo unaninyooka wenyewe.
Napiga MVUABATI, na Wamboza anatazama dari,
halafu anajifanya alikuwa akitafuta swichi.
MSIBA una mwangwi mrefu, wa kanisa tupu,
noti inaondoka, inageuka mlangoni, inaaga tena.
Mzuri. Mtu angelia kwa huo.

MSIBA 2 hauna kitu.
Nakagua: mwangwi, sifuri. Oktava, imezimwa.
Kompresa kidogo, sauti ya juu imekatwa,
basi.
Narudia noti ile ile, wazi, uzi mnene,
mara tatu, mara nne.
Wamboza ameacha kupangusa.
Simuulizi afande alimzika nani mara ya pili.
Naye hajui, au anajua na kaunta si mahali pake.

"Laki tano," nasema.
"Na nusu."
"Na adapta."
"Adapta ina waya uliochubuka."
"Nina utepe."

Kabla ya kulipa natafuta nafasi isiyo na jina.
Ya sita iko wazi. Naandika polepole,
kidole kibovu kikikosea mara mbili:
BUDADIRI.
Herufi nane kamili.

Mvua imepungua. Wepukhulu anapiga honi.
Nasukuma kisanduku mfuko wa mbele,
kinagoma kidogo kwenye pembe,
kisha zipu inafunga.