Umekula Nini Leo?

Hapa Mbagala swali la chakula si swali, ni karibu.
Ukimwambia mtu "Umekula?" umeshamvutia mkeka,
naye mwenye adabu atasema ameshiba.
Mimi nauliza nikiwa na kofia ya kijani kichwani,
dawa nyeupe kama tui la kwanza imejaa kwenye bomba la sindano,
na mgonjwa, kwa adabu ileile iliyogeuzwa ndani nje,
anajua jibu ninalolitaka. Ananipa:
"Sijala, sista."

Hivyo ndivyo alivyosema Zamoyoni, fundi cherehani wa Kijichi,
aliyeishi na ngiri miaka minne.
Nikatia tiki. Tiki ni ndogo,
hata nzi angeifunika kwa bawa moja.
Akahesabu hadi sita, saba ikamshinda.
Kisha koo likarudisha
supu, na vipande vya chapati visivyotafunwa sawasawa.
Shangazi yake alimlisha alfajiri, nje ya geti,
asije akaingia kisuni na tumbo tupu.

Kifaa kile cha kidoleni kina sauti.
Damu ikiwa na hewa ya kutosha, kinalia juu.
Hewa ikipungua, mlio unashuka,
unashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani
akipapasa kila kidato.
Nilimgeuza ubavu, nikanyonya, nikanyonya,
nikapitisha mpira, nikabana mfuko wa hewa kwa mikono hii.
Sikutazama namba. Nilikuwa naisikiliza.

Alitoka wodini siku ya kumi na moja,
amepungua kama kipande cha sabuni.

Daktari Kahimba aliandika kwenye ripoti:
"Mgonjwa hakutoa taarifa sahihi."
Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi.
Zamoyoni alijibu alichoulizwa.
Swali lilikuwa langu.

Nikanunua kauntabuku Tandika,
nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu.
Kila mtu maswali mawili, la zamani kwanza:
Umekula?
Halafu, huku nafunga mkanda wa presha, kama vile napiga soga:
Umekula nini leo?

Miezi minne. Watu mia na sita.
La zamani lilinipa watatu.
La pili, kwa midomo ileile,
likanipa kumi na tisa zaidi:
uji wa ulezi,
andazi "dogo tu",
maziwa ("hayo si chakula, sista, ni kinywaji"),
kitumbua alichopewa na mama mkwe,
na mama mkwe hakataliwi.

Kahimba akaipitia kauntabuku kwa kalamu.
"Idadi ndogo, Tumsifu.
Na pengine la pili linashinda kwa sababu ni la pili.
Ukimuuliza mtu mara mbili anajishuku."
Pengine. Sikusema nimegundua mwezi.
Ila wiki iliyofuata niliona kwenye fomu
neno moja limeongezwa kwa wino,
mwandiko wake, ule wa kuinama kushoto.
Sasa tunaitoa kopi Rangi Tatu, neno likiwemo.

Leo Bi Siwema, mtoto wa jicho mmoja na nyongo yenye mawe,
amecheka nilipomuuliza.
"Muhogo, mwanangu. Wa kuchemsha. Kama ukucha."
Saa ngapi?
"Wameadhini, nikaswali, nikala."
Nikamrudisha wodini na muhogo wake.
Mpasuaji akatazama saa. Wajukuu wakanung'unika koridoni,
mmoja akasema tunataka hongo.
Nikaandika: asubiri hadi saa nane.

Saa nane alikuwa amenuna, mdomo umekauka,
mkono umelala kwenye ubao kama kitu cha jirani.
Nikauliza tena. Akasema hajala kitu, hata mate.
Nikamvisha kifaa kidoleni. Kikalia juu.
Akanikazia lile jicho lake moja zima.
"Na wewe," akasema, "tangu asubuhi uko hapa.
Umekula nini?"