Ukucha wa Oktoba

Barua ya Mheshimiwa Nyange ilisomwa redioni saa saba,
mimi na Bikombo tukichambua karafuu ukumbini.
Kwa sababu za kifamilia, akasema msomaji,
kisha akaingia kwenye bei ya mafuta.
Bikombo ni dada yake, baba mmoja.
Aliacha kikonyo hewani, akaniuliza mimi:
"Familia ipi, Mize?"

Nikatazama kidole changu cha mwisho.
Wino ulikuwa umepanda na ukucha,
chini yake pameota peupe,
urefu wa punje ya mchele.
Ubunge mzima ulienea hapo.

Zikaja gari kutoka Chake. Zikaja khanga zenye gundi ya dukani.
Kikaja kifusi cha barabara, kikamwagwa
kutoka kwa sheha hadi mlango wa skuli,
pale pale kikakoma.
Wagombea wanne walikula kwa Bikombo, wote wanne
wakamsifia pweza wake,
hakuna aliyeuliza kaka yake yuko wapi.
Mimi sikukata ukucha.
Mize, unachafua unga, waliniambia.
Nikawajibu: aliyeondoka kaondoka na kiti,
risiti ninayo mimi.

Siku ya kura foleni haikufika hata kwenye tangi la maji.
Darasa la Tatu. Ubaoni imebaki
hesabu ya kutoa, haina jibu.
Kijana wa meza, kaletwa kutoka Unguja,
akanishika mkono, akautazama, akauachia.
"Bibi, wewe umeshapiga."
"Nilipiga Oktoba."
"Huu si wino?"
"Ni wino. Wa yule tuliyekuja kumzibia pengo."
Akafungua kitabu cha maelekezo, akapekua, akarudi mwanzo.
Wakala mmoja akacheka, mwengine akaandika.
Nyuma yangu mama yake Nyange,
miaka themanini na fimbo, ambaye tangu ile barua
hajatoa neno kisimani wala matangani,
akasema: "Mpake cha pili, mwanangu.
Vidole anavyo kumi."

Akanipaka cha pili.

Jioni nikaukata ule wa zamani kwa wembe,
weusi uliobaki nchani, mwembamba kama uzi,
nikauzika nyuma ya jiko, kama inavyopasa kucha.
Matokeo yalisomwa usiku. Jina sikulishika vyema;
Bikombo alikuwa uani, anasugua masufuria ya pweza,
anasugua kwa mchanga, kwa nguvu,
na redio iko ndani.